Kimebaki Nini, Baba Goda?

Vijana wa Kizuka, ile video yenu imefika mbali. Imefika Bujumbura, ikamfikia shemeji yangu Leokadia, naye akanipigia simu asubuhi na mapema kuniuliza kwa nini sikuvaa mkanda. Chini yake mmoja wenu ameandika, "Wazee wanatafuta nini?" na wengine wameweka vile vikatuni vya kucheka hadi machozi. Sikukasirika. Ningekuwa kijana mwenye simu, nikaona wazee watatu wanazunguka mashine yenye kutu, mmoja haoni, mmoja analalamika, na mmoja ameshika suruali kwa mkono isimwanguke, na mimi ningepiga video.

Mimi ndiye wa suruali. Mkanda wangu uko ziwani, na habari yake nitaifikia. Shule niliishia la sita, kule Tanzania tulikokimbilia, kwa hiyo siwezi kupanga mambo kama mwalimu. Nitasema yanavyonijia.

Kwanza mashine yenyewe. Ninyi mmezoea mota. Mnamwaga chikichi zilizopikwa, mnawasha, mnasubiri huku mnatazama simu. Sisi tulikuwa na mashine ya mkono, hiyo mliyotukuta nayo. Ni pipa la chuma lenye parafujo kubwa katikati, na juu yake umefungwa mti mrefu. Watu wanaushika mti, wanazunguka, parafujo inashuka, mawese yanatoka chini. Unatembea tangu asubuhi na hufiki popote. Mke wangu Sabina alikuwa akiniuliza jioni, "Leo umefika wapi?"

"Nimefika Kigoma na kurudi."

"Na chumvi hukuleta?"

Chikichi ikamuliwe ikiwa moto. Ikipoa inashika mafuta yake na haikupi. Na mawese yakishatoka, yanarudishwa motoni mpaka maji yaliyomo yaishe. Hapo msiangalie saa, sikilizeni. Mawese yenye maji yanalia, yanatoa sauti ndogo ndogo kama mtu anayenung'unika chumba cha pili. Yakinyamaza, ondoa kuni. Ukichelewa yanaungua, ukiwahi yanachacha dukani kwa watu. Mpaka leo sijaona mota inayosikiliza.

Mwenye mashine alikuwa Mzee Seif, yule asiyeona vizuri kwenye video. Babu zake walitoka Omani, lakini yeye mwenyewe hajatoka mji wetu wa Rumonge ila kwenda kutibiwa Bujumbura, na alirudi akisema mji ule una vumbi. Kila jambo alilijibu Alhamdulillahi. Mvua ikilowesha kuni, Alhamdulillahi. Gari la kubeba mawese likifa njiani, Alhamdulillahi. Mwanzoni ilinikera. Mimi ni Mkatoliki, kumshukuru Mungu najua, ila nilikuwa na saa zangu.

Siku yangu ya kwanza kazini ule mti ulivunjika. Tulikuwa wanne tunausukuma kwa nguvu, ukakatika, na sote tukaanguka kifudifudi kwa mpigo mmoja kama watu wanaosali. Nikainua kichwa nimtukane fundi aliyeuchonga. Mzee Seif akanyoosha mkono.

"Simameni mulipo. Kimebaki nini?"

Nilidhani ameumia kichwa. Lakini wenzangu walisimama, wakajipangusa mchanga, wakaanza kujibu.

"Yamebaki mapipa mawili motoni, hayakumwagika."

"Yamebaki meno yangu."

"Umebaki mgongo unaouma," akasema mtu mmoja mwembamba mwenye uso wa mtu anayedaiwa kodi. Huyo ndiye Nestori, yule anayelalamika kwenye video. Amelalamika tangu nilipomjua, na mama yake aliniambia alianza kabla.

"Mgongo iko," akasema Mzee Seif. "Mwenye mgongo unaouma anao mgongo. Mugeni?"

Mgeni ni mimi. Nikajibu: "Nimebaki mimi."

"Tutaona mpaka jioni," akasema Nestori.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kiwanja kile. Jambo likiharibika, hakuna kukimbia, hakuna kupiga kelele, hakuna kumtafuta mwenye kosa, mpaka kila mtu amesimama alipo na kutaja kitu kimoja kilichobaki. Baada ya hapo ukitaka kukasirika, ruksa. Lakini jaribuni wenyewe. Baada ya watu watano kutaja meno na mgongo, hasira inakuwa imepoa, na ikipoa haikamuliki.

Nilifikiri ni mambo ya dini tu. Siku moja nikamuuliza Mzee Seif, naye akavuta suruali yake juu. Mguu wa kushoto, kuanzia goti kushuka, ngozi yake ilikuwa kama gome la mti.

"Pipa lilipinduka nikiwa kijana," akasema. "Baba yangu akapiga ukelele, mimi nikakimbia. Mafuta ya moto yako chini, wewe unakimbilia wapi? Niliteleza nikaanguka mule mule. Aliyesimama pembeni akahesabu vidole vyake hakuungua hata kimoja."

"Kumbe siyo dini."

"Nani kasema siyo dini? Huu mguu mwingine aliniachia nani?"

Basi nikakaa na sheria hiyo miaka yangu yote ya kazi. Sisemi ilitufanya watakatifu. Kuna siku bata wa jirani aliingia kwenye mawese yaliyokuwa yanapoa. Alitoka mwenyewe, mzima, lakini alikuwa mwekundu kama embe bivu, kuanzia mdomoni hadi mkiani. Tukamshika, tukampelekea mwenyewe, mama mmoja mkali. Akamtazama bata kwa muda.

"Bata wangu mimi ni mweupe. Huyu simjui."

"Mama, ni yeye. Ameingia kwetu sasa hivi."

"Nimesema simjui. Mukamrudishe kwa mama yake."

Tukarudi naye. Mawese yale hayakufaa tena, yalikuwa na manyoya. Nestori alikuwa ameanza kuhesabu hasara kwa sauti. Mzee Seif akauliza swali lake, na kwa mara ya kwanza sote tukajibu neno moja.

"Bata."

Aliishi kiwanjani wiki nyingi akiwa na rangi ile, kila mteja anauliza ni bata wa nchi gani. Nyeupe ilipoanza kurudi, yule mama alipita, akamtambua, akamchukua bila kusalimia.

Na kulikuwa na shida ya siku. Mzee Seif na wanawe wanafunga kazi Ijumaa adhuhuri waende msikitini. Nestori ni Msabato, jua likizama Ijumaa hagusi mti mpaka Jumamosi jioni. Mimi na wengine Jumapili tuko misa. Chikichi iliyopikwa haina dini, ikilala inaharibika. Kila wiki tulibishana ni Mungu wa nani anayetuchelewesha, na kila wiki Mzee Seif aliuliza kimebaki nini, tukajibu kwa unyonge, "Zimebaki Jumatatu mpaka Alhamisi." Tukazifanyia kazi hizo.

Sabina aliichukua sheria hiyo akaipeleka nyumbani. Maharage yakiungua aliwahi kuniuliza kabla sijafungua mdomo.

"Kimebaki nini, Baba Goda?"

"Njaa."

"Basi iko kitu. Kaa, nipike tena."

Tulikaa naye kando ya ziwa, chini ya mji, nyumba yenye jiko la nje. Nyuma ya jiko alipanda michikichi mitatu tuliporudi kutoka Tanzania, kwa mkono wake, na mawese yake hakuuza hata chupa. Aliyaweka kwa ajili ya wageni. Mgeni wa Sabina alikula maharage yenye mawese ya nyuma ya jiko, hata angekuwa nani. Alisema mafuta ya dukani, yale meupe, ni ya kukaribisha watu usiotaka warudi.

Halafu ziwa likapanda. Mnajua wenyewe, mmeona nyumba zilizosimama majini. Maji yaliingia kwetu polepole, uani kwanza, halafu jikoni. Goda, binti yetu, akatuhamishia kwake huku juu Kizuka. Siku ya kuhama Sabina alibeba sufuria zote, mpaka ile iliyotoboka. Mafiga matatu akayaacha palepale. Nikamuuliza kama tuyabebe. "Mawe yako kila mahali," akasema. Lakini aligeuka kuyatazama.

Mwaka uliofuata akaugua, homa iliyoonekana ya kawaida, na haikuwa ya kawaida. Sitaeleza zaidi.

Mzee Seif alikuja matangani akiongozwa na mwanawe. Akaketi mkekani karibu yangu tangu asubuhi mpaka alasiri. Niseme kweli, nilimwogopa. Nilijua swali lake, na nilijua akiniuliza nitasimama niondoke, mbele ya watu wote, na pengine nisirudi kanisani wala kazini. Watu walikuwa wanakuja wananiambia, "Shukuru, alikuwa mwema. Shukuru, hakuteseka sana." Nilikuwa nawaitikia, murakoze, asanteni, murakoze, huku nimeshika ukingo wa mkeka. Sala yangu siku hizo ilikuwa fupi. Nilisema, "Mungu, niko hapa," basi. Sikuwa na la kuongeza.

Mzee Seif hakuuliza. Alipoinuka kwenda, nikamsindikiza, nikamwuliza mwenyewe kwa nini.

"Pipa bado linachemka, mwanangu," akasema. "Mimi nina macho mabovu, siyo akili."

Ukapita karibu mwaka, ikafika ganduro. Baadhi yenu mmekulia mbali, niwakumbushe. Ni siku ya kumaliza kilio. Ndugu wanakutana, wanakula, wanakunywa, na aliyefiwa anasimama mbele yao aseme neno, kisha kilio kimeisha. Kabla ya siku hiyo wewe ni mtu wa kuhurumiwa. Baada yake unaweza tena kudaiwa mchango wa harusi.

Shemeji Leokadia ndiye dada mkubwa wa Sabina, na ndiye aliyeishika ganduro mkononi. Alikuja na hema la kukodi, viti vya plastiki, na mafuta meupe ya dukani. Nikayaona yale mafuta.

"Shemeji, maharage ya siku hiyo nataka yapikwe kwa mawese ya Sabina."

"Yako wapi?"

"Kwenye michikichi."

"Na michikichi iko wapi?"

"Ziwani."

Akaniangalia kama yule mama alivyomwangalia bata. "Baba Goda, wageni wanatoka Bujumbura. Ganduro ni Jumamosi. Ukinipa mawese kabla ya Jumamosi asubuhi, nitapika nayo. Usiponipa, napika na haya, na usininunie."

Hiyo ndiyo hali iliyokuwepo. Michikichi ile ilikuwa inakufa, majani yake yamekuwa ya njano kwa kusimama majini, na Bucumi mvuvi, jirani yetu wa zamani, alikuwa ameniambia kwamba mikungu iliyopo juu ni ya mwisho. Wageni wa mwisho wa Sabina walikuwa wanakuja. Mimi sikutaka wakaribishwe kama watu asiotaka warudi.

Jumanne tukaazima mtumbwi wa Bucumi, mimi na Nestori. Bucumi akatuonya kuna kiboko anapenda kulala kati ya zile nyumba. "Akiwaona, musimuudhi," akasema. Nestori akauliza kiboko anaudhiwa na nini. "Na kuonwa," akasema Bucumi.

Tukapiga kasia juu ya barabara yetu ya zamani. Tukapita juu ya ua, tukafunga mtumbwi kwenye mchikichi wa kwanza. Nikapanda kwa kamba, magoti yakilalamika kuliko Nestori. Mikungu ilikuwapo mitano midogo, yote kwenye mti huo, imeiva. Sasa sikilizeni, maana hili ni kosa ambalo mvuvi hawezi kulifanya, wala mwalimu, wala daktari. Ni mtu wa michikichi peke yake. Maisha yangu yote nimekata mkungu nikauacha uanguke. Chini kuna nini? Ardhi. Anayekaa chini anajua kusogea. Basi minne ikaanguka majini kando ya mtumbwi, nikauinamia wa mwisho, mkubwa kuliko mingine, nikapiga panga, nikasema kama nilivyosema maisha yangu yote, "Unakuja."

Nestori akasogea. Mtumbwi haukusogea.

Mkungu ulipita katikati yake kama kisu kwenye papai. Nikatazama chini nikamwona Nestori amesimama ndani ya mtumbwi, mtumbwi unashuka, na yeye anashuka nao amenyooka, mikono kando, kama mkubwa anayepigiwa saluti. Aliacha kushuka maji yalipomfika kiunoni. Uso wake ulikuwa umejaa maneno ya miaka mingi. Lakini mazoea ni mazoea. Akaniangalia juu ya mti.

"Kimebaki nini, Baba Goda?"

"Limebaki panga."

"Shuka nalo. Nina kazi nalo."

Nikashuka. Tukaanza kuitafuta ile mikungu kwa miguu, maana nilikuwa nimekata yote kabla ya kugundua, mkono ulikuwa umekwisha kuzoea. Miwili hatukuiona. Mitatu tuliifunga pamoja kwa mkanda wangu tuivute. Hapo ndipo nilipokanyaga kitu. Jiwe. Nikasogeza mguu, jiwe la pili. Sikuhitaji kutafuta la tatu, nilijua lilipo, kwa sababu hapo ndipo nilipokuwa nikinyoosha mguu niote moto yeye akipika. Nilikuwa nimesimama jikoni kwa Sabina, maji yananifika kiunoni, na ndani ya kiatu changu kulikuwa na samaki.

Nikabaki nimesimama.

"Una nini?" akauliza Nestori.

"Mafiga."

Mtu yule ambaye amewahi kulalamikia mvua na jua siku hiyohiyo, safari hii alikuja, akaweka mguu wake kwenye jiwe moja, akaridhika kwamba ni kweli. Tukakaa hivyo kidogo, wazee wawili, kila mmoja na jiwe lake.

Ndipo upande wa nyumba ya jirani kitu kikapumua.

"Baba Goda," akasema Nestori taratibu, "imebaki miguu yako na miguu yangu. Mimi naondoka na yangu."

Tuliondoka kwa heshima zote. Mkanda ulikatika njiani, mikungu tukaibeba kifuani kama watoto wa ubatizo. Bucumi alikuwa anatungoja ufukweni.

"Mutumbwi wangu uko wapi?"

"Uko," akasema Nestori. "Uko chini, lakini uko."

Mtumbwi tuliutoa baadaye, fundi akauziba, na gharama niliibeba mimi. Bucumi sasa anauita Mkungu.

Sasa tuje kwenye video. Mkungu uliokatwa Jumanne haujawa tayari kunyofolewa. Unataka kulala siku kadhaa chini ya majani ili chikichi zilegee. Sisi siku hatukuwa nazo. Mkikwama hivyo, katakateni mkungu vipande vidogo, nyunyizeni maji ya uvuguvugu, funikeni kwa magunia mazito. Kufika Alhamisi zilikuwa zimelegea. Tukazipika usiku kucha. Ijumaa asubuhi nikazileta kiwanjani kwenu zingali moto, na mlinionyesha mota, kwa heshima, nakubali. Lakini mota yenu ni kubwa. Mikungu mitatu midogo ingeimeza, isiteme hata tone. Ndiyo maana nikaomba ile ya mkono ya Mzee Seif, iliyokuwa inafugiwa kuku.

Tukawatoa kuku. Mzee Seif alisikia, akaja akiongozwa, akasema na yeye anashika mti. Tukamwambia, mzee, huoni. Akasema mashine inazunguka, mtu atapotelea wapi? Kwa kweli hakusukuma, alivutwa. Ikawa mimi na Nestori tunasukuma chikichi za Sabina na Mzee Seif pamoja. Yeye alikuwa na haraka kwa sababu adhuhuri imekaribia. Nestori alikuwa na haraka kwa sababu mawese yakishatoka lazima yachemshwe yanyamaze kabla jua halijazama. Mimi nilikuwa na haraka kwa sababu ya suruali. Hayo makelele mnayosikia kwenye video siyo ugomvi. Nestori anasema, "Sukuma, Sabato inakuja," Mzee Seif anasema, "Sukuma, adhana inakuja," na mimi nasema, "Polepole, inaanguka."

Mlichokipiga ndicho hicho. Mlizima simu kabla mawese hayajatoka. Yalitoka kidogo, mekundu sana, hayakufika nusu ya bido ndogo, kidumu cha plastiki.

Niliyachemsha mwenyewe, nikayasikiliza yakilia. Yalilia muda mrefu, yalikuwa na ziwa ndani yake. Nestori alikuwa anaangalia jua, mimi naangalia moto. Yakanyamaza jua likiwa bado juu ya milima ya Kongo.

Jumamosi asubuhi nikamkabidhi Leokadia bido. Akafungua, akanusa, akafunga macho kidogo. Halafu akarudi kuwa Leokadia.

"Hayatoshi watu wote."

Akapika sufuria mbili. Kubwa kwa mafuta meupe, ya wageni wa Bujumbura. Ndogo kwa mawese ya Sabina, ya watu wa nyumbani. Nikaridhika. Nikakaa mbele, kwenye kiti cha mfiwa, nikiisikia harufu inakuja kutoka nyuma ya nyumba.

Kwa bahati mbaya sikuwa peke yangu mwenye pua. Wale wageni wa Bujumbura, watu wa ofisini, wenye suti, waliacha sufuria kubwa wakafuata harufu. Mwanamume mmoja nisiyemfahamu alipita mbele yangu na sahani imejaa, akasema kwa mwenzake, "Haya ndiyo maharage." Mfiwa halishwi kwanza, anangoja wageni. Nikangoja. Nilipoletewa sahani, maharage yake yalikuwa meupe.

Nawaambia ukweli, kwa sababu sijui kuwaambia kingine. Katika mwaka ule mzima sikulia mbele ya watu. Sahani ile ndiyo nusura inilize. Nilikuwa nimetumbukia ziwani, nimetoboa mtumbwi, nimepoteza mkanda, nimezunguka na vipofu na Wasabato, na mtu wa suti amekula. Na wakati huohuo msemaji akaniita nisimame niseme neno la kumaliza kilio.

Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kushukuru. Hayakuja. Watu wakanitazama, hema likapigapiga kwa upepo. Nikaona hapa kilio hakimaliziki, kinaanza.

Mzee Seif alikuwa safu ya mbele na soda yake. Macho yake hayakuniona, lakini nadhani alisikia. Mafuta yanajulikana kwa sikio.

"Baba Goda," akasema, siyo kwa sauti kubwa. "Sasa nauliza. Kimebaki nini?"

Wageni wa Bujumbura wakageuka kumtafuta mzee asiye na adabu. Lakini watu wa kiwanjani walikuwa wametawanyika humo hemani, na wale hawawezi kulisikia swali hilo wakakaa kimya.

"Umebaki mgongo," akasema Nestori kutoka nyuma. "Sasa unauma zaidi."

"Yamebaki meno mawili."

"Imebaki soda moja, nani hajapata?"

"Mtumbwi umebaki," akasema Bucumi. "Una kiraka, lakini umebaki."

"Amebaki Goda," akasema mtu, na binti yangu akaficha uso.

Ikabaki zamu yangu. Hawakunihimiza. Nami nikajibu kitu pekee kilichokuwa mdomoni, ambacho sikukiandaa.

"Yamebaki mafiga."

Wengi hawakuelewa, wakapiga makofi kwa adabu. Msemaji akatangaza kilio kimeisha. Leokadia hakupiga makofi. Yeye alikuwa amekaa kando ya mafiga yale mara nyingi kuliko wageni wote, akimenya mihogo na mdogo wake. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na ile sufuria ndogo, tupu, akaiweka mapajani kwangu mbele ya suti zote. Pembeni mwake na chini kulikuwa na wekundu.

"Futa," akasema.

Nikamega ugali, nikafuta sufuria ile kwa tonge, nikizunguka taratibu kutoka juu kwenda chini, mpaka chuma kikaonekana. Mawese yalikuwa na chumvi nyingi na ladha kidogo ya ziwa. Nilipomaliza nilisema, "Mungu, niko hapa," na safari hii nikaongeza, "na nimeshiba." Mzee Seif akasema Alhamdulillahi, na sikukereka.

Sasa mmejua wazee walikuwa wanatafuta nini. Sitawaambia mshukuru kwa kila kitu, maana nimekaa kwenye ule mkeka na najua kuna siku ambazo mwenye hekima hakuulizi. Lakini mota ikizima, kuni zikilowa, simu ikianguka kwenye pipa, simameni mlipo kwanza na mtaje meno yenu. Na mkungu ulio juu ya maji, ufungeni kamba kabla ya kupiga panga.

Mafiga nimeyaacha palepale. Bucumi anapita pale na ule mtumbwi wake wenye kiraka, na anasema maji yakitulia huyaona mawe yote matatu, na samaki wadogo wanayazunguka tangu asubuhi bila kufika popote. Nestori anasema wanangoja chakula.